Mashavu ya Mbeyu

Niliwahi kumpiga picha binti yangu akiwa mgonjwa mahututi, kisha nikaitembeza picha hiyo hoteli nzima nikijisifu. Ninayo hadi leo kwenye simu. Mbeyu ameketi juu ya mkeka, umri wake mwaka mmoja na miezi minane, mashavu yamejaa, miguu imejaa, vidole vimejaa. Nilimwonyesha shefu mkuu, nikawaonyesha wahudumu wa mezani, nikamwonyesha hata mgeni mmoja mzee aliyekuwa na desturi ya kuja dirishani kusifu mkate wangu. Wote walisema mtoto amenona. Nami nikawajibu, "Huyo ni mtoto wa mpishi, mlitaka aweje?"

Nayatanguliza haya ili anayesoma ajue ni mtu wa aina gani anayemsimulia. Mimi ni mpishi, na mpishi mzuri, nasema bila haya. Miaka kumi na mmoja niko jikoni kwenye hoteli moja ya Bofa, ufukweni Kilifi, na wapo wageni ambao hurudi kila mwaka wakiuliza kwanza kama Safari bado yupo. Safari ndiye mimi. Nikimtazama samaki kwa mbali najua kama alivuliwa leo au jana. Nikilibonyeza embe najua kesho litakuwaje. Jicho hilohilo lilimtazama mtoto wangu kila nilipokwenda nyumbani, na halikuona kitu. Kama na wewe una mtoto nyumbani ambaye kila mtu anasema amenona huku moyo wako hautulii, kaa chini usome.

Nyumbani kwetu ni upande wa Ganze, mbali na bahari, ambako watu hula mahindi wakipata mvua na muhogo wasipoipata. Mke wangu Dama alikuwa akiishi huko na mama yangu mzazi. Binti yetu wa kwanza alipewa jina la mama yangu, kama desturi yetu ilivyo, kwa hiyo nyumba ilikuwa na akina Mbeyu wawili, mkubwa na mdogo, na wote wawili mimi nawaita mama. Walipendana ajabu. Dama aliposhika mimba ya pili, Mbeyu mdogo aliachishwa ziwa palepale, maana kwetu inasemekana maziwa ya mwenye mimba hayamfai mtoto. Tangu siku hiyo nyanya yake ndiye aliyemlisha.

Mvua za mwaka zilikuwa zimekosa mara mbili mfululizo. Mbuzi wetu walikwisha, na ng'ombe wa jirani aliyekuwa akitupatia maziwa alikufa malishoni. Ukabaki muhogo. Asubuhi uji wa muhogo, mchana sima ya muhogo na mtsunga, ile mboga chungu inayoota yenyewe mashambani, na jioni hivyohivyo. Mtoto alikuwa akishiba, na hapo ndipo tulipopotea sote. Hakulala na njaa hata siku moja. Nami kila baada ya wiki mbili, nilipopata siku zangu za mapumziko, nilikuja na mkate niliouoka mwenyewe, sukari, majani ya chai na biskuti. Sikuwahi kuleta mayai. Nilijiambia yatavunjika njiani.

Nywele za Mbeyu zilianza kubadilika kabla ya kiangazi. Zikawa nyepesi na nyekundunyekundu, nami nikamtania Dama kwamba mtoto amefanana na wageni wangu. Dama hakucheka. Kisha mtoto akaacha kucheza. Ukimwekea kitu anachokipenda anakitazama tu, ukimgusa analia kilio kidogo cha kuchoka. Siku moja nilimvua viatu, nikaona alama ya kamba imebaki mguuni. Nikaubonyeza ule mguu kwa kidole gumba, kama ninavyobonyeza donge la mkate kuona kama limeumuka. Kidole kikaacha shimo, nalo shimo likakaa palepale. Nilikaa nalitazama nikisubiri lirudi.

"Ni chirwa," mama akasema nyuma yangu.

Kwa msomaji asiyetoka kwetu: chirwa ni ugonjwa unaosemekana kumpata mtoto mchanga ambaye baba yake au mama yake ametoka nje ya ndoa kisha akaja kumgusa. Mtoto hukonda au huvimba, nywele hubadilika, ngozi huharibika. Mtoto wa namna hiyo akionekana njiani watu hawaulizi anaumwa nini. Wanauliza ni yupi kati ya wazazi. Ndiyo maana akina mama wengi huwafunika kwa leso gubigubi wakitoka nao, na ndiyo maana Dama alikuwa hajamfikisha Mbeyu kliniki miezi mitatu, ijapokuwa kliniki si mbali. Alikuwa ameiona ile miguu kabla yangu. Aliogopa kusema.

Mama aliita mganga. Huyo alikuwa mwanamke wa makamo, Mama Jumwa, mtu wa haraka asiyependa maneno mengi. Alifika asubuhi na kikapu cha majani, akabandika sufuria ya maji, akatuketisha uani: mimi, Dama aliyekuwa na mimba ya miezi saba, na mama aliyempakata Mbeyu.

"Dawa ninayo," akasema. "Lakini haishiki mpaka mwenye kosa aseme. Asiposema, majani haya nitawapelekea mbuzi wangu."

Mama akamgeukia Dama. "Mwanangu, sema. Hapa ni nyumbani, hakuna mgeni."

"Sina la kusema, mama."

"Mumeo hayupo wiki mbili nzima. Binadamu ni binadamu."

"Sina la kusema."

Sitaki mtu amwone mama yangu mbaya. Alimpenda Dama kuliko mabinti zake wa kuzaa, na wao walijua hivyo, walikuwa wakilalamika. Lakini wajina wake alikuwa anamfia mikononi, na siku hiyo angeweza kumshuku hata malaika. Ikazungumzwa kwamba kama Dama hatasema, basi arudishwe kwao, wazee wake waitwe, kikao kifanywe huko, na mtoto aoshwe baada ya kikao. Wakaanza kuhesabu siku gani itafaa.

Nikamtazama Mbeyu. Alikuwa hata halii. Nzi alitua pembeni mwa mdomo wake, akatembea mpaka kwenye jicho, na mtoto hakuinua mkono. Nikaona kwamba siku hizo wanazozihesabu yeye hana.

"Ni mimi," nikasema.

Nataka ieleweke: sikuwa nimefanya lolote. Tangu nimwoe Dama sijawahi kumtazama mwanamke mwingine kwa nia hiyo, na jambo hilo nilikuwa nikilionea fahari kama mkate wangu.

"Na nani?" Mama Jumwa akauliza. "Lazima utaje."

"Msichana anayefua mashuka hotelini."

"Jina lake?"

"Rehema," nikasema. Lilikuwa jina la kwanza lililonijia. Hotelini kwetu mashuka hufuliwa na mzee mmoja mwenye upara, baba wa watoto saba.

Dama alinitazama mara moja, akainamisha kichwa, akaanza kulikunja pindo la leso yake. Alilikunja na kulikunjua, alilikunja na kulikunjua. Mama akaanza kulia na kunilaani kwa pamoja. Mama Jumwa hakupoteza muda. Akamwosha Mbeyu kwa maji yale ya majani, akamfunga leso safi, kisha naye akaubonyeza mguu kwa kidole na kulitazama lile shimo.

"Kwangu nimemaliza," akasema. "Sasa mpelekeni hospitali, leo leo. Miguu hii siipendi."

Mpaka leo namheshimu mwanamke yule. Mama alikubali, maana dawa ya nyumbani ilikuwa imetangulia. Kabla ya adhuhuri nilikuwa nyuma ya bodaboda, mtoto kifuani, vumbi la kiangazi usoni, mtu mwenye sifa mbaya lakini anakwenda anakotaka.

Kwenye benchi la kusubiri tulikaa tangu jua la saa saba. Watoto wengine walikuwa wakilia, na nilimwonea wivu kila mzazi ambaye mtoto wake alikuwa na nguvu za kulia. Sista aliyetupokea alikuwa mtu wa bara, mrefu, amekaa pwani siku nyingi. Tulimwita Sista Atieno. Alibonyeza miguu yote miwili huku akihesabu kimoyomoyo.

"Anakula nini?"

"Anakula vizuri, sista. Anashiba kabisa."

"Sijauliza kama anashiba. Nimeuliza anakula nini."

Nikataja. Muhogo, muhogo na mtsunga, muhogo. Nilijisikia nikitaja. Mayai? Hapana. Kunde? Hapana. Samaki, maharagwe, maziwa? Hapana, hapana, hapana. Akaandika. Kisha akauliza kazi yangu, nami nikajibu, "Kibarua." Kwa mara ya kwanza maishani niliona aibu kutamka kwamba mimi ni mpishi.

Akaniambia ugonjwa ule una jina lake kitaalamu, na kwamba upo wa aina mbili wanaouona sana pale: watoto waliokauka wakabaki mifupa, na watoto waliovimba kama wangu. Njaa ya kwanza kila mtu huiona. Ya pili huvaa nguo nzuri ikapita mbele ya watu. Kwa sababu Dama hangeweza kulala kitini na mimba ile, niliomba likizo kazini, nikakaa wadini mimi.

Mwanamume mmoja kati ya akina mama kumi na wawili! Walinipa jina siku hiyohiyo, Mama Ndevu. Kwenye kitanda cha jirani alikuwa Bi Saumu wa Takaungu, aliyekuja na mjukuu wake, mwanamke wa ulimi mtamu na mkali kwa pamoja. Aliponiona nimembeba Mbeyu alipiga kofi pajani.

"Ewe bwana, mtoto hashikwi hivyo! Huyo ni mwana, si sinia! Mlete hapa nikuoneshe, mradi usije ukamwandaa mezani."

Alinionyesha namna ya kumlaza ubavu, namna ya kumpangusa bila kuiumiza ngozi, namna ya kumnywesha kwa kijiko asipaliwe. Aliniuliza mkeo yuko wapi, nikamwambia. Hakuniuliza zaidi. Akina mama wa wadi ile walinipa uji wao, wakanikopesha leso zao, wakanishikia mtoto nikienda kuoga. Sitawasahau.

Zikaanza siku za maziwa. Ndivyo ninavyozikumbuka, si kwa tarehe. Maziwa maalumu, kidogo sana, kikombe kimepimwa, kila baada ya muda fulani usiozidi wala kupungua. Nilikitazama kile kikombe nikaudhika. Mtoto amelazwa kwa kukosa chakula, halafu anapewa chakula cha paka! Siku ya tatu ufundi wangu ukanishinda. Nikampigia simu mwenzangu wa jikoni, akaniletea chupa ya supu ya kuku iliyochemka asubuhi nzima, nzito, na ndani yake nimemwambia avunje kiini cha yai. Nikamgeuzia sista mgongo, nikamnywesha Mbeyu vijiko vitano. Nilijiona mjanja.

Kabla ya alasiri alikuwa anaharisha maji. Mikono ikawa baridi. Wakaja wakamzunguka, mmoja akamtia mpira wa puani, mwingine akamfunika blanketi, mimi nimesukumwa ukutani na chupa yangu mkononi. Walipomtuliza, Sista Atieno akanigeukia.

"Nani amempa kitu?"

"Ni mimi," nikasema. Safari hii ilikuwa kweli.

"Tumbo lake limesahau kazi. Tunalifundisha polepole. Wewe umeliletea karamu ya harusi." Akaichukua ile chupa, akaifungua, akainusa, akanusa tena. "Baba Mbeyu, kazi yako ni kibarua wa nini?"

"Mpishi, sista. Wa hoteli."

Kisha Bi Saumu akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika chuma cha kitanda, na wengine wakamfuata. Mimi niliuinamisha uso magotini, nikalia mbele yao. Bi Saumu aliacha kucheka akaja kuketi karibu yangu. Alinishika bega mpaka nilipomaliza.

Baada ya hapo niliacha kujifanya najua. Niliambiwa vijiko sita, nikatoa sita. Kila asubuhi walimpima uzito, na kila asubuhi uzito ulipungua. Nilidhani wanamwua. Mashavu yakaondoka, miguu ikaondoka, mbavu zikatokea, ngozi ya mapaja ikawa inabanduka kama rangi ya ukuta wa zamani. Nilipomtazama niliona kizee kidogo. Siku ya sita nikamwambia sista, kwa sauti ya kugombana, kwamba mtoto niliyemleta alikuwa mkubwa kuliko huyu.

"Yale yalikuwa maji," akanijibu, na alikuwa anatabasamu. "Sasa ndiyo tunamwona mtoto mwenyewe."

Nikaitoa simu, nikaitazama ile picha niliyokuwa nikijisifia. Nilikuwa nimewaonyesha watu maji.

Siku ya tisa nilikuwa nikimnywesha, kikombe kikaisha, nikakiweka chini. Mbeyu akakitazama kikombe. Akanitazama mimi. Akasema, "Tena." Hakuwa amesema neno tangu mwanzo wa kiangazi. Nilipiga ukelele, Bi Saumu akapiga kigelegele, na sista akaja mbio akidhani kuna msiba. Nimesifiwa na watu wa nchi nyingi kwa chakula changu. Wote niwekeeni pembeni. Neno hilo moja, kwa maziwa ambayo hata sikuyapika, ndilo ninalojivunia kuliko yote.

Dama alikuwa akija mara moja kwa wiki. Alimbusu mtoto, alimwimbia, alimfulia nguo. Mimi alinisalimu kwa adabu kama mtu wa ofisini. Nilitamani kumwambia, lakini nilijua nikimwambia na yeye akasema nyumbani, mama atarudi kulekule: basi kama si Safari ni Dama. Nikayameza. Akiondoka nilimtazama akivuka ua, amenyooka, tumbo mbele, na iliniuma kuliko kitu chochote katika ugonjwa ule.

Wiki ya tatu alikuja siku ya somo. Sista Atieno alipanga meza kwenye varanda, akaweka juu yake kunde, mayai, dagaa, karanga, maziwa ya mgando, akatueleza watoto wetu walikosa nini. Mama mmoja kijana akainua mkono, akauliza kwa kunong'ona, "Na chirwa je, sista?"

Sista akavuta kiti akakaa.

"Neno hilo nalijua. Watoto waliovimba niliowalaza hapa siwezi kuwahesabu. Wote nimewapa maziwa, wote walioletwa mapema wamepona, na sijawahi kumwuliza baba wala mama yeyote alilala wapi."

Dama aligeuza kichwa polepole akanitazama. Tulipotoka alinishika mkono wa shati, akanipeleka kwenye kamba za kuanikia nguo, akamweka Mbeyu kiunoni.

"Ikiwa ni muhogo," akasema, "kule kwa Mama Jumwa ulikuwa unasema nini?"

"Nilikuwa nataka waache kuhesabu siku."

"Ulidanganya."

"Nilidanganya."

"Na Rehema?"

"Hayupo. Hajawahi kuwepo. Mashuka anafua mzee Ngala."

Midomo ilimtetemeka, sikujua kama ni kilio au nini. "Wiki tatu," akasema, "wiki tatu namchukia mwanamke ambaye hayupo! Nimeshamjua mpaka sura yake! Mweupe, ana mwanya!" Kisha akanipiga kofi la bega, na la pili, akaniegemea kifuani, mtoto katikati yetu, akalia na kucheka. Nami nilijiona mwanamume kamili, ndevu na yote.

Tulitoka hospitali mvua za mwaka zilipoanza kunyesha, safari hii kweli. Zikaja siku za karanga, zile pakiti za karanga zilizosagwa laini ambazo mtoto hukamua na kula mwenyewe. Kila wiki kliniki, kila wiki utepe wa kupimia mkono: ukasoma nyekundu, ukasoma njano, na nyasi zilipofika magotini ukasoma kijani. Nywele zikaota nyeusi kutoka chini. Mdogo wake alizaliwa salama, na Dama akanyonyesha huku naye akila kama mtu mwenye kazi. Mimi nilileta kuku watatu wa mayai kutoka Kilifi, nikapanda kunde mpaka mlangoni, nikamfundisha mama kutwanga dagaa wawe unga na kuutia kwenye uji. Alifuata kila kitu. Ila kwake hivyo vilikuwa vyakula vya baada ya chirwa.

Na hapo ndipo uongo wangu ulipoota miguu. Mama alijivunia mwanawe aliyekuwa na ujasiri wa kukiri. Alisimulia kisimani, kanisani, kwenye vilio vya msiba: Safari alisema, mtoto akapona. Watu walikuja kumtazama Mbeyu akikimbia uani, wakaondoka wameamini. Majira ya mahindi mabichi mtoto wa jirani yetu Kahindi akaanza kuvimba. Kahindi alimbana mkewe, Kache, ataje mwanamume. Kache hakuwa na wa kumtaja. Akafukuzwa arudi kwa wazazi wake, nao wakamrudisha, akatembea kijijini na mtoto wake amefunikwa leso kutoka kichwani mpaka vidoleni.

Dama aliniwekea chai mbele yangu, hakuketi.

"Uongo wako uliniokoa mimi," akasema. "Sasa unamla Kache."

Jumamosi ile wahudumu wa afya wa kijiji walikuwa wakipima watoto kwenye uwanja wa kanisa. Naibu wa chifu alikuwepo, wazee walikuwepo, wanawake wameketi chini na watoto wao, mama yangu benchi la mbele. Nikaomba nafasi ya kusema. Nilijua ninamvua nguo mama yangu mbele ya watu, na nilijua pia kwamba baada ya maneno yangu watu watasema Safari anamficha mkewe.

"Mnajua nilikiri," nikasema. "Nilikiri uongo. Sikutoka nje ya ndoa, wala Dama hakutoka. Mwanamke niliyemtaja hayupo duniani. Mtoto wangu alivimba kwa sababu alikula muhogo mtupu miezi mitano, na mimi, mpishi, nilimletea biskuti. Alipona kwa maziwa na mayai. Ningesubiri kikao tungemzika. Basi."

Minong'ono ikaanza, ikapanda. Mzee mmoja nyuma akasema kwa sauti, "Kumbe basi ni mke." Dama akainua uso akamtazama mpaka mzee akageukia pembeni.

Kisha mama akasimama. Alikuwa hanitazami. Aliishika fimbo yake kwa mikono miwili, na kwa muda nilidhani atatoka aende zake.

"Mtoto yule ni wajina wangu," akasema. "Dama hakumlisha. Safari hakumlisha. Uji ule nilipika mimi, kila asubuhi, na sima nilisonga mimi, nikamtia mdomoni kwa mkono huu, kwa mapenzi yangu yote. Kama ni muhogo uliomvimbisha, basi mwenye kosa amesimama hapa. Na mimi ni mjane mwaka wa kumi na tisa, sina meno, sijazini na mtu!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Wanawake walicheka mpaka wakalaliana, wazee walicheka, naibu wa chifu akaficha uso kwenye kofia. Mama hakucheka. Machozi yalikuwa yanamtiririka mashavuni, na aliyaacha. Sijawahi kumwonea mtu fahari kama nilivyomwonea mama yangu siku ile. Alitembea polepole katikati ya watu waliokuwa bado wanacheka, akafika alipoketi Kache, akanyoosha mikono yake miwili mitupu ampokee mtoto.

Kicheko kikakatika. Kache akamkumbatia mwanawe zaidi, akamtazama mumewe. Kahindi alikuwa amesimama na wanaume wenzake kando. Alitazama chini, akatazama watu, akatazama tena chini. Halafu akaja, akapiga magoti mbele ya mkewe, akaifunua leso kutoka kwenye miguu ya mtoto wake, sote tukaiona.

"Mpimeni," akasema.